Fundi Aliyenipitisha

Katika miaka sita niliyofanya kazi chini yake, sikumwona hata siku moja akigusa kibodi ya mtu mwingine. Akija mezani kwako kukusaidia, alivuta kiti, akakaa ubavuni, akaiweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia. Wageni walidhani anahisi baridi. Sisi tulijua anajizuia. Alisema vidole vyake vina haraka kuliko akili ya mwanafunzi, na kidole kikitangulia mara moja tu, mwanafunzi amepoteza siku nzima.

Tulimwita Fundi. Kitambulisho cha kazini kilimpa cheo kirefu cha Kiingereza ambacho hakukitumia, na mtu akimwita mhandisi aligeuka nyuma kana kwamba kuna mwingine amesimama pale. Alikuwa mtu wa Takaungu, mwembamba, kofia ya viua kichwani, shati limepigwa pasi hata kama umeme haukuwako tangu juzi. Ofisi yetu ilikuwa Kilifi mjini, ghorofani juu ya duka la magodoro. Tulikuwa watu tisa wa kuandika programu za kompyuta, na kazi yetu kubwa ilikuwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, uliotumiwa na zahanati kadhaa za Kilifi na Malindi. Muuguzi akiandika jina la mgonjwa, mfumo unamwonyesha mtu huyo alikuja lini, alitibiwa nini, na dawa gani asipewe.

Namwandika kwa sababu kwa miaka minne nilikuwa na swali moja ambalo yeye peke yake angeweza kulijibu. Niliandika kosa katika mfumo ule, na mzee mmoja akafa. Fundi ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kazi yangu. Nilitaka kujua kama aliliona kosa lile akanyamaza. Ili uelewe kwa nini niliweza kumdhania hivyo mtu mwema kama yeye, sina budi kukueleza kwanza jinsi alivyofundisha.

Kila mwaka alipokea wanagenzi wawili, wengi wao wakitoka moja kwa moja chuo kikuu. Walikuja na vyeti ndani ya bahasha na laptopu mgongoni. Fundi aliwakaribisha, akawauliza habari za wazee wao, kisha akawaambia laptopu ziwekwe kabatini. Juma la kwanza hakuna aliyeandika kitu. Aliwapeleka zahanati, akawaombea nafasi kwenye benchi la wagonjwa, wakae pale tangu asubuhi hadi adhuhuri wakimtazama muuguzi.

Mimi nilikaa siku nne. Siku ya kwanza nilinuna tu. Siku ya pili nikamwona muuguzi akiandika namba za wagonjwa kiganjani kwa kalamu, kwa sababu umeme ulikatika na mfumo wetu ukazimika nao. Siku ya tatu alimwuliza mama mmoja jina la mtoto mara tatu. Mtoto analia, mama anaona haya kupaza sauti, na nyuma yao foleni inanung'unika. Niliporudi ofisini nilimwambia Fundi kwamba nafasi ya kuandikia jina ni finyu mno, na kwamba si haki muuguzi aanze upya kila umeme unaporudi.

"Hayo umefunzwa chuo kikuu?" akaniuliza.

"La, Fundi. Benchini."

"Basi kesho njoo na laptopu yako."

Neno alilolitumia kuliko yote lilikuwa "Nisomee." Programu ni maandishi. Tunaiandikia kompyuta maagizo, mstari baada ya mstari, na maandishi hayo tunayaita msimbo. Wengi wa kazi hii huyatupia macho, wakaona yanakwenda, wakaridhika. Fundi alikuwa amelelewa katika chuo cha Kurani, mahali mwanafunzi anapokaa goti kwa goti na mwalimu akamsomea kwa sauti, na haruhusiwi kuigusa aya inayofuata mpaka hii imenyooka. Aliichukua desturi ile akaipandisha juu ya duka la magodoro. Kila mstari uliouandika ulimsomea kwa sauti, kwa Kiswahili, kana kwamba unamweleza mtu ambaye hajapata kuiona kompyuta. "Kama mtoto hajatimiza miaka mitano, chukua uzito wake, uzidishe kwa kipimo cha dawa." Naye amefumba macho, kimya. Ukikosea hakukwambia umekosea. Alisema, "Rudi." Urudi wapi, hilo hakukwambia.

Kijana mmoja wa Malindi, aliyeanza nami mwaka mmoja na mwenye ulimi mwepesi, siku moja aliambiwa arudi mara sita. Akaifunika laptopu.

"Fundi, huu ni msimbo jamani, si Juzuu Amma!"

"Juzuu Amma ukikosea, Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe," Fundi akamjibu, macho bado yamefumbwa. "Muuguzi wa zamu hana nafasi hiyo. Rudi."

Ofisi nzima ilicheka, na kijana akarudi. Mara ya nane akalikuta kosa mwenyewe, akapiga meza kwa furaha kama aliyefunga bao. Fundi akafungua macho. "Sasa hilo ni lako," akamwambia. "Hata mimi siwezi kukunyang'anya."

Kama ndio kwanza unaanza kazi hii, nakuomba usione haya kusoma kwa sauti. Utajisikia mjinga kwa mwezi mmoja. Mwezi wa pili utaanza kusikia mahali sauti yako inapopwaya, na mara nyingi hapo ndipo kosa lilipojificha. Mwanagenzi hutazama mstari alioandika. Mkubwa katika kazi hii hutazama watu watakaofikiwa na ule mstari. Jambo hilo halimo kitabuni. Unalipata kwa kukaa karibu na mtu aliyelipata kabla yako, naye akuvumilie.

Hata hivyo uvumilivu wake ulikuwa wa ajabu. Aliweza kukaa saa mbili juu ya mstari mmoja, lakini hakuweza kustahimili swali lisiloandikwa. Ukimfuata na swali mdomoni alinyoosha mkono akakupa karatasi. "Liandike kwanza." Nusu ya maswali yetu yaliisha pale pale kwenye karatasi, maana ukiliandika vizuri unaliona jibu lake. Nusu iliyobaki ilikuwa na thamani, na hiyo aliijibu mpaka ukatosheka. Wapo waliomwona ana kiburi. Mwanagenzi mmoja aliondoka baada ya majuma matatu, akasema hakuja mjini kuandikia watu barua.

Alituhimiza tukue, na tulipokua ilimwuma. Kijana yule wa Malindi alipopata kazi Nairobi, Fundi alimpongeza mbele ya wote na kumwombea dua ndefu. Lakini orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, ambayo yeye ndiye aliyeiandika kila Jumatatu, iliendelea kuwa na jina la kijana yule kwa mwezi mzima. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Siku moja nilimkuta ameisimamia.

"Huyu ni wa saba," akasema. "Nalea, nalea, akishaanza kuona mwenyewe anakwenda zake. Simlaumu, hata mimi ningekwenda. Lakini akibaki mmoja tu nyuma yangu, mmoja wa kutegemewa, nami nitapumzika."

Niliyasikia maneno yale nikadhani ananisifu mimi.

Sasa nifike kwenye tabia yake iliyonitesa. Mara nyingine aliliona kosa lako, akaliacha litoke. Si makosa yote. Yale ya kuumiza watu aliyazuia pale pale. Lakini kosa la aibu tu, la kumfanya mtu acheke au anune, aliliacha likapita, ukaja kulikuta nje, mbele za watu. Mwaka wangu wa pili nilitengeneza ripoti ya kliniki ya wajawazito. Siku mbili baadaye simu ikalia, Fundi akaiweka wazi ili sote tusikie. Alikuwa muuguzi mmoja, anacheka mpaka maneno hayatoki.

"Mwambieni huyo binti yenu nina wazee kumi na mmoja wenye mimba hapa! Mmoja ana ndevu hadi kifuani! Nimpange lini kujifungua?"

Nilikuwa nimesahau kuiambia kompyuta iwatenge wanaume. Nilitamani sakafu inimeze. Simu ilipokatwa nikamfuata Fundi mezani kwake, bila karatasi.

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponisomea."

"Mbona hukunambia, Fundi?"

"Ningekwambia ungelirekebisha na kesho ukalisahau. Hebu niambie, hili utalisahau?"

Sijalisahau. Miaka minane imepita, na kila ninapoandika ripoti nawaangalia kwanza wanaume wako wapi. Kwa hiyo sitasema njia yake ilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba tangu siku ile nilijua kuna wakati Fundi anaona na hasemi.

Mwaka wangu wa sita aliniondoa kwenye kusoma kwa sauti. Niliandika peke yangu, nikaituma kazi mezani kwake, yeye akaisoma kimya, na ikimridhisha akaiandikia neno moja: "Pita." Bila neno hilo hakuna kilichokwenda zahanati. Kila badiliko katika mfumo lilibeba majina mawili, la aliyeandika na la aliyepitisha.

Wauguzi walikuwa na malalamiko yao ya siku zote. Mgonjwa mmoja alikuwa na kadi tatu, kwa kuwa leo jina lake limeandikwa hivi na kesho vile. Wakitafuta historia yake wanaipata vipande vipande. Nikapewa kazi ya kuziunganisha. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa, na niliifanya kwa fahari. Niliiambia kompyuta hivi: ukiona kadi mbili zenye jina moja, jina la baba moja, kijiji kimoja, na wote wanaume au wote wanawake, huyo ni mtu mmoja. Kama tarehe za kuzaliwa zinapingana, waache. Lakini kama kadi moja haina tarehe, chukua tarehe ya ile nyingine, na palipo na majibu mawili tofauti, shika jibu la karibuni.

Inasomeka vizuri. Ningemsomea mtu yeyote angeitikia kwa kichwa. Lakini mimi ni mtu wa Kakuyuni. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Tuseme babu ni Karisa mwana wa Kazungu. Mwanawe ni Kazungu mwana wa Karisa. Mjukuu naye anakuwa Karisa mwana wa Kazungu, jina lile lile, jina la baba lile lile, boma lile lile. Mimi mwenyewe nina jina la nyanya yangu, na baba yangu huniita "mama" mpaka leo. Na wazee wetu wengi hawana tarehe ya kuzaliwa. Muuguzi akiuliza wanasema walizaliwa mwaka wa njaa fulani, naye anapaacha patupu.

Watu huniuliza, ilikuwaje wewe, mwenyeji, usilione? Naamini ni kwa sababu ya uenyeji wenyewe. Mgeni angeuliza majina yanapangwaje huku. Mimi sikuwa na la kuuliza. Nyumbani hakuna awaye yote anayemchanganya babu na mjukuu, mmoja ana mkongojo na mwenzake anakimbiza mbuzi. Haikunijia kwamba kompyuta haiwaoni.

Niliituma kazi Alhamisi asubuhi. Kabla ya saa sita ilikuwa na neno lake: "Pita." Nilifurahi kwa namna ninayoona haya kuikumbuka. Nilishuka nikajinunulia mahamri, nikala nimesimama mbele ya duka la magodoro, nikijiona nimefika.

Majuma matatu baadaye mzee mmoja wa bara alikwenda zahanati ya kwao na kidonda cha mguu. Muuguzi wa siku zote, aliyemjua, alikuwa likizo. Aliyekuwa zamu ni mgeni, na alifanya kama alivyofundishwa, akalitafuta jina kwenye skrini, jicho likaenda moja kwa moja kwenye dawa, si kwenye umri. Kadi ya mzee ilikuwa na onyo la zamani kwamba sindano ya penisilini inamdhuru. Kadi ya mjukuu wake, iliyofunguliwa karibuni, ilisema mgonjwa hana dawa inayomdhuru. Mimi nilikuwa nimezifanya kadi moja, na nikashika jibu la karibuni. Mkaza mwana wake, aliyemsindikiza, alisimulia kwamba mzee aliiona sindano akauliza, "Hii siyo ile?" Muuguzi akatazama skrini mara ya pili, akamwambia asiwe na wasiwasi, baba.

Alikufa pale pale, gari la kumpeleka hospitali likiwa njiani.

Mkurugenzi wetu, mama mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alituita sote. Akauliza ni nani. Majina mawili yalikuwa mbele yake, alitaka tu kutusikia. Nilifungua mdomo. Fundi alinitangulia.

"Kwetu anayepitisha ndiye mwenye kazi. Andika mimi."

"Lakini aliyeandika..." mkurugenzi akaanza.

"Mama, nimesema andika mimi."

Mkurugenzi akatuonya tusizungumze na yeyote nje mpaka mambo yachunguzwe. Fundi akaitikia, "Inshallah." Kesho yake asubuhi alikuja mezani kwangu akasema, "Twende." Nilidhani tunakwenda kurekebisha kadi. Tulikwenda matangani.

Watu walikuwa wengi, wanawake wanalia ndani, wanaume wamekaa nje. Fundi aliwaamkia wazee mmoja mmoja, mimi nyuma yake nimejitanda leso, kisha akamwomba mtoto mkubwa wa marehemu asogee kando. Akamweleza yote, kwa maneno mepesi kama alivyotutaka tusome. Kwamba kuna mashine, na mashine ilidanganya, na sisi ndio tulioifundisha.

Mtu yule alisikiliza. Alikuwa na vumbi la kaburi miguuni.

"Nyinyi nyote wawili?" akauliza.

"Mimi," Fundi akasema.

Yule bwana akanitazama mimi, akamtazama yeye. Hakutukana. "Mwanangu ana jina la baba," akasema. "Muuguzi jana kaandika kwamba Karisa kafa. Sasa huko kwenu aliyekufa ni yupi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kadi ilikuwa moja. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekufa pamoja na babu yake, na siku atakayoletwa zahanati ana homa angeambiwa hayupo.

Kazi ya kuzitenganisha kadi zote ilituchukua majuma mawili. Kadi ya mtoto yule niliianza mimi, siku ile ile. Fundi alikaa ubavuni akanisikiliza nikisoma kila mstari, na kazi yote ilipokwisha aliikusanya mizigo yake michache akaondoka. Hakufukuzwa. Alisema amemaliza. Baada ya miezi michache nikapewa nafasi yake, maana hapakuwa na mwingine.

Na hapo swali langu likaanza kuota mizizi. Fundi alizijua desturi za majina yetu. Alikuwa akinitania, "Hebu njoo hapa, mama wa baba yako." Asingeweza kuusoma msimbo ule asiwaone babu na mjukuu. Basi aliwaona. Labda alifikiri litakuwa kosa la kuchekesha, muuguzi apige simu kwamba mtoto wa darasa la tatu amegeuka mzee, nami nijifunze. Ndiyo maana alikimbilia kusema "mimi". Nilimchukia kwa hilo, nikawa namtumia salamu za Idi bila kwenda kumwona. Na nitakuwa mkweli: chuki ile ilinisaidia. Ikiwa aliliona, basi mzigo haukuwa wangu peke yangu. Nilikuwa mwanafunzi ambaye mwalimu wake alichagua vibaya.

Mwaka huu nikasikia anaumwa. Jumatano moja niliomba ruhusa nikaenda Takaungu.

Mkewe ndiye aliyenifungulia. "Ee, umepotea kama mdeni! Ingia mwanangu, ingia. Mbona umekonda hivyo, hao wanagenzi wako wanakula nyama yako?" Akanipeleka chumba cha mbele. Fundi alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, sukari imempunguza macho. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za Kakuyuni, za baba, za mvua. Akauliza nina wanagenzi wangapi. Nikamwambia wawili, na mmoja wao, binti wa Kilifi, anaona mbali. Sasa anaandika peke yake, ananitumia nimpitishie.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Sasa sema lililokuleta."

Nilikuwa nimeliandika swali kwenye karatasi. Sikuitoa.

"Ile kazi ya kuunganisha kadi. Uliliona kosa?"

Mkewe alikuwa akisogeza vyombo jikoni.

"Miaka minne," Fundi akasema. "Nilidhani utaniuliza matangani."

"Niliogopa."

"Uliogopa nijibu nini?"

"Kwamba uliliona ukaniachia, nijifunze."

Alicheka, kicheko kikavu kikamletea kikohozi. Nikampa maji.

"Laiti ingekuwa hivyo," akasema. "Ningekuwa mwalimu mbaya, yakaisha. Sikuisoma, mwanangu."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Sikuisoma. Niliifungua, nikaona jina lako juu, nikaandika pita. Alhamisi ile, na Alhamisi kadhaa kabla yake. Nilikuwa nimeshakuhesabu. Nilijiambia huyu tayari, huyu ndiye. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa mwisho, kila kitu kinanipitia mimi, na baada yangu hakuna jicho jingine. Nikataka awepo mwingine. Ukawa wewe, na wewe mwenyewe hukujua."

"Lakini mimi nilikuwa nakutegemea uisome."

"Najua," akasema. "Mimi nakutegemea wewe, wewe unanitegemea mimi. Katikati pakawa patupu, na mzee wa watu akapita hapo."

Nilitaka kulia, lakini kilio hakikuja. Kwa miaka minne nilikuwa nimemweka mtu juu yangu, anaona, ananyamaza kwa makusudi. Hapakuwa na mtu. Alhamisi ile niliyokula mahamri nikijiona nimefika, nilikuwa nimefika kweli, na huko nilikofika nilikuwa peke yangu.

Mkewe akaleta chai na mkate wa sinia. Tulikula kidogo. Fundi akanigeukia na macho yale yasiyoona vizuri.

"Na wewe, wa kwako unawasoma?"

"Nawasoma," nikasema.

Aliendelea kunigeukia hivyo, kisha akaikunja midomo akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya. Allah akusaidie." Nikambusu mkono nikaaga. Mkewe alinisindikiza hadi mlangoni, akanifungia kipande cha mkate nile njiani.

Nilitembea mpaka pembeni mwa uchochoro, nikatoa simu nikampigia yule binti ofisini.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Ile kazi uliyonitumia asubuhi, ya vipimo vya dawa za watoto. Iko wapi?"

"Ilishatoka, dada. Uliipitisha kabla hujaondoka. Zahanati zote wanayo."

"Irudishe."

"Yote?"

"Yote. Sasa hivi, kisha uwapigie simu wauguzi mmoja mmoja watumie daftari mpaka nifike."

Nikamsikia akivuta kiti, akianza kubofya. Akasita.

"Dada, nimekosea wapi?" Sauti ilikuwa imempungua.

"Sijui," nikamwambia. "Sijaisoma."